Oksimita inasoma 90, mbona pumzi inakata?

“Shikamoo daktari. Mimi ni muongoza watalii Mlima Kilimanjaro, nina miaka 37, naishi Moshi. Nilianza kuvuta sigara nikiwa bado mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, miaka 16 iliyopita, na kwa muda mrefu nilikuwa namaliza pakiti moja kwa siku. Mwaka juzi nikahamia zile nyepesi za menthol na nimeshuka hadi kumi, siku nyingine nane. Mlimani kila jioni tunawapima wageni oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, oksimita. Pale kambi ya Barafu mimi napata asilimia 90, wakati mgeni asiyevuta kabisa anapata 84. Wenzangu wanasema mapafu ya mvutaji yameshazoea hewa haba, ndiyo maana mlima haumsumbui. Ila miezi hii ya karibuni nakohoa kila asubuhi, na safari mbili zilizopita, kati ya Barafu na Stella Point karibu na kilele, pumzi ilinikata mpaka msaidizi wangu akashika uongozi wa kundi. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Ndani sivuti, natoka mlangoni. Je, hizi nyepesi si nafuu? Hicho kifaa kinadanganya? Na nikiacha ghafla nikiwa juu, si naweza kuzimia?”

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kifua. Umeuliza maswali matatu, lakini nikiyasoma pamoja naona yana mzizi mmoja. Una vipimo viwili mkononi, kimoja kimeandikwa kwenye pakiti na kingine kinawaka kidoleni, na vyote vinakwambia mambo si mabaya. Kifua chako kinakataa. Mimi nasimama na kifua. Vipimo vyote viwili vina kazi yake, ila hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya kumpima mtu anayevuta sigara kama unavyovuta wewe.

Tuanze na pakiti. Watu wengi hudhani sigara nyepesi ina tumbaku dhaifu, mfano wa chai iliyoongezwa maji. Sivyo. Nikotini iliyomo kwenye tumbaku yenyewe haipishani sana na ya sigara kali. Tofauti kubwa iko kwenye kichungi. Chukua sigara yako moja, ichane taratibu ile karatasi ya kahawia inayofunika kichungi, kisha iinue kuelekea jua. Kama ni ya aina hiyo, utaona mstari wa vitundu vidogo sana, kama vimetobolewa kwa ncha ya sindano, umezunguka karatasi yote. Vitundu hivyo huingiza hewa ya nje ili moshi uchanganyike nayo kabla ya kufika mdomoni.

Sasa nani alitangaza kwamba sigara ya namna hiyo ni nyepesi? Mashine. Nchini Marekani, tangu 1967, lami (yale masizi yanayonata ya moshi) na nikotini za sigara zilipimwa kwa mashine iliyovuta mililita 35 za moshi kwa sekunde 2, mara moja kila dakika. Mashine huishika sigara kwa ncha tu. Haina vidole, haina midomo, haina hamu. Vitundu vinabaki wazi, hewa inaingia, moshi unaofika kwenye kipimo unakuwa mwembamba, na namba inayoandikwa inakuwa ndogo.

Binadamu havuti hivyo. Alikuja kwangu fundi seremala mmoja, mvutaji wa nyepesi kama wewe, akaniapia kwamba amepunguza sumu kwa zaidi ya nusu. Nikamwomba atoe sigara moja na kuishika, bila kuiwasha, kama anavyoishika akiwa karakana. Kidole gumba na cha shahada vikatua moja kwa moja juu ya vile vitundu. Hakuwa hata anajua kama vipo. Wengine huviziba kwa midomo. Na asiyeviziba kabisa hufidia kwa njia nyingine: huvuta kwa nguvu zaidi, huvuta mara nyingi zaidi, huushusha moshi chini zaidi na kuushikilia. Mashine inasubiri dakika nzima kati ya mvuto na mvuto. (Najua vijiweni mnauita mvuto “pafu”, mimi pafu kwangu ni kiungo, kwa hiyo niruhusu nitumie mvuto.) Mtu aliyejibanza nyuma ya hema kule Barafu, upepo unampiga na wageni wanamsubiri, hasubiri dakika nzima.

Jambo hili unaweza kujipima mwenyewe bila kuja hospitali. Mtafiti Lynn Kozlowski alilieleza tangu 1980, na ni rahisi mpaka linachekesha. Kusanya vipisi vyako vya siku moja, utazame upande ule unaotia mdomoni. Kama hewa ilikuwa inaingia kupitia vitundu, utaona doa la kahawia katikati na pembeni kichungi kimebaki cheupe, kama shabaha ya kulengea. Kama uliviziba, doa limeenea kichungi kizima mpaka ukingoni. Sijui vyako vitaonyesha nini, lakini ningependa kuviona.

Kwa nini mwili unafidia? Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Hujazoea idadi ya sigara, umezoea kiasi cha nikotini. Ukivuta, nikotini inapita kwenye mapafu, inaingia damuni na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, haraka kuliko sindano ya mshipa wa mkononi. Kisha inaanza kushuka. Kila baada ya saa mbili hivi, iliyobaki damuni ni nusu ya ile ya mwanzo. Inaposhuka chini ya kiwango ulichozoea, unakuwa na hasira ndogondogo, mawazo hayatulii, mkono unaanza kupapasa mfukoni. Ukivuta, unatulia. Wavutaji huniambia sigara inawaondolea msongo, na hawasemi uongo, ila mara nyingi msongo unaoondolewa na sigara hii uliletwa na kwisha kwa sigara iliyopita.

Basi mtu mwenye kiwango chake kichwani ukimpa sigara yenye hewa nyingi, hatakubali kupunjwa. Neal Benowitz na wenzake kule San Francisco walilithibitisha mwaka 1983: walipima damu za wavutaji, wakakuta kwamba waliokuwa wakivuta sigara zilizoandikwa nikotini kidogo hawakuwa wakiingiza nikotini kidogo kuliko wengine. Namba za pakiti zilikuwa zinaeleza tabia ya mashine tu. Na msidhani watengenezaji walishtuka waliposikia. Agosti 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliandika kwenye hukumu yake kwamba kampuni kubwa za sigara za Marekani zilijua kwa miaka mingi kuwa wavutaji hufidia, na bado ziliuza neno “nyepesi” kama vile ni afya. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku maneno hayo kwenye pakiti kuanzia 2003, Marekani 2010. Kilichofuata unaweza kukibashiri: maneno yaliondoka, rangi zikabaki. Fedha, dhahabu, buluu ya mawingu. Mteja anaomba rangi, muuzaji anajua anachotaka.

Menthol nayo ina ujanja wake. Inaamsha mishipa ileile ya fahamu inayohisi baridi, ndiyo maana koo linahisi kama limepulizwa na upepo wa asubuhi wa Marangu. Moshi ni uleule. Kilichozimwa ni king’ora: ule ukali uliokuwa unakufanya uvute kwa adabu haupo tena, unaweza kuushusha moshi chini bila koo kulalamika.

Kuhusu kushuka kutoka ishirini hadi kumi, sitaki kukuvunja moyo, kwa sababu ulikusudia jema na kuna faida fulani. Lakini ni ndogo kuliko hesabu inavyoonyesha. Benowitz huyohuyo, mwaka 1986, aliwachukua watu waliokuwa wakivuta wastani wa sigara 37 kwa siku na kuwaachia 5 tu. Kila sigara ikaanza kunyonywa nikotini karibu mara tatu ya zamani. Watu wale walikata sigara kwa zaidi ya asilimia 80, lakini lami na kaboni monoksidi (gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi) walizoingiza mwilini zilipungua kwa nusu tu. Kwa upande wa moyo hali ni kali zaidi. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018, uliokusanya tafiti 141 za kufuatilia watu, ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo anayobeba mvutaji wa ishirini. Mishipa ya damu haifanyi hesabu ya kugawanya kama sisi.

Haya, twende kidoleni.

Oksimita haidanganyi kwa makusudi. Inapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha inaangalia damu imemeza kiasi gani cha kila mmoja. Himoglobini, yaani kibebaji cha oksijeni kwenye damu, ikiwa imebeba oksijeni ina rangi yake, isipobeba ina rangi nyingine, na kifaa kinatofautisha hizo mbili. Shida ni kwamba moshi wa sigara una kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hii hung’ang’ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Na himoglobini iliyoshikwa nayo, mbele ya ule mwanga mwekundu, inaonekana karibu sawa na iliyobeba oksijeni. Oksimita ya kawaida haiwezi kuzitenganisha. Inazihesabu zote kama wema.

Wewe umeanzia ugumu, kwa hiyo nikukumbushe mizani ya getini. Mgumu anaweka mzigo, mizani inasoma kilo 20, anapita. Mizani haijui kama ndani kuna mchele na mahema au mmoja wenu kajaza mawe. Uzito ni uleule, na mgumu amechoka vilevile, ila kambini jioni mtalala njaa. Himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksidi ni mgumu aliyebeba mawe, tena asiyekubali kuyatua. Na kuna la pili, ambalo wengi hawalijui: wale wenzake waliobeba oksijeni halisi nao wanakuwa wazito kuitua. Oksijeni inafika kwenye misuli ya paja, lakini inaachiwa kwa shingo upande.

Sasa tufanye hesabu yako. Mtu asiyevuta kwa kawaida ana chini ya asilimia 2 ya himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo. Mvutaji wa kila siku mara nyingi ana kati ya 5 na 10. Tuseme wewe una 7. Ile 90 yako ya Barafu inakuwa 83 hivi, ukiondoa mawe. Mgeni wako mwenye 84 isiyo na moshi anakuzidi, au mko sare, wakati wewe unapanda mlima huu kila mwezi na yeye ndiyo mara yake ya kwanza. Sehemu ya namba yako ni halali kabisa, mwili wako umezoea mwinuko kwa sababu ya kazi. Sigara inakula faida hiyo, na kifaa hakikuonyeshi inavyoliwa. Kule juu, kwenye mita 5,895 za kilele cha Uhuru, hewa ina mgandamizo wa karibu nusu ya ule wa pwani. Hakuna cha kupoteza.

Hapa niseme neno la haki kwa wenzako, maana maneno yao hayakutoka hewani. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi ya watafiti wa China waliowafuatilia vijana 200 waliokwenda kufanya kazi kwenye mwinuko mkubwa. Wavutaji waliripoti dalili za ugonjwa wa mlima, yaani kichwa kuuma na kichefuchefu, kwa kiasi kidogo kuliko wasiovuta. Wavutaji hupenda kuishia hapo. Wakiendelea kusoma watakuta kwamba baada ya miezi kadhaa kule juu, miili ya wavutaji hao ilikuwa imezoea mwinuko vibaya zaidi na mapafu yao yalifanya kazi kwa kiwango cha chini. Kutosikia maumivu ya kichwa na kupata oksijeni ni vitu viwili tofauti. Kwa muongoza watalii ningesema ni hatari hata zaidi, kwa sababu kichwa kinachouma ndicho kinachokwambia usipande.

Habari njema katika haya yote ni kwamba kaboni monoksidi haikai. Ukiwa umepumzika, nusu yake inatoka kila baada ya saa nne au tano hivi. Ukikaa siku nzima bila sigara, karibu yote imeondoka, na wagumu wako wamerudi kubeba chakula. Huna haja ya kusubiri mapafu yapone miaka ili uone tofauti pale juu ya Barafu.

Sasa kikohozi, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu katika barua yako yote hili ndilo lililonifanya nijibu haraka. Ndiyo, kuna kikohozi cha wavutaji. Njia za hewa zina vinyweleo vinavyofagia makohozi kuelekea juu. Moshi unavipooza, usiku unapokuwa huvuti vinaamka kidogo, asubuhi unakohoa uchafu wa jana. Lakini ni kosa kubwa kujiambia “ni sigara tu”. Uvutaji unaongeza hatari ya kupata kifua kikuu, kwa makadirio karibu mara mbili, na wewe unalala kwenye hema lililofungwa zipu na wenzako kadhaa wanaokohoa. Mkoa wetu una hospitali ya Kibong’oto kule Siha, iliyoanza miaka ya 1920 kwa ajili ya ugonjwa huu, na mpaka leo haijakosa wagonjwa, wakiwemo vijana wa migodi ya Mererani ambao vumbi la mawe na sigara vimewakuta kwenye pafu moja. Kikohozi kikizidi wiki mbili, mtu anapimwa makohozi. Chako kimezidi. Nenda hospitali ya Mawenzi, au kituo chochote cha serikali kilicho karibu nawe. Kipimo ni bure, na dawa zikihitajika ni bure. Usisubiri mpaka umalize msimu. Kama umewahi kukohoa damu, unapungua uzito, unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, au kifua kinabana unapopanda ngazi za kawaida hapa mjini, usingoje hata kesho.

Na hata majibu yakitoka safi, omba upimwe mapafu kwa ile mashine ya kupuliza, pamoja na moyo. Pumzi kukata kwa mtu wa miaka 37 anayefanya kazi ya miguu si jambo la kuachia nadharia, ya kwangu ikiwemo. Mpaka hapo ushauri wangu ni usiongoze kundi la kwenda kileleni. Najua msimu ni pesa. Lakini ukianza kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, au ukikohoa povu lenye rangi ya waridi kule juu, huo ni maji kwenye mapafu na dawa yake ya kwanza ni kushuka saa hiyohiyo, usiku au mchana. Wewe unawajua wageni wa kuwashusha. Usijisahau kwenye orodha.

Kuhusu mama mtarajiwa. Kutoka mlangoni ni bora kuliko kuvutia ndani, ila mlango hauzuii kitu. Moshi unaotoka kwenye ncha inayofuka una sumu zilezile na haupiti kwenye kichungi chochote. Ukiingia ndani mara baada ya kuzima, pumzi zako za mwanzo bado zinatoa moshi, na koti lako limeubeba. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha kwamba wake wasiovuta walioolewa na wavutaji wakubwa walipata saratani ya mapafu zaidi ya wale walioolewa na wasiovuta, na tangu hapo ushahidi umeongezeka tu. Kwa mjamzito kuna la ziada: mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Mpaka uache, vuta mbali kabisa na nyumba, vua koti nje, nawa mikono na uso. Kama kipimo chako cha kifua kikuu kitakuwa na jibu baya, yeye naye apimwe mara moja; kliniki ya wajawazito wanalijua hilo.

Sasa la kuacha. Huwezi kuzimia kwa sababu ya kukosa sigara. Kinachokuja ni hasira, usingizi wa mang’amung’amu, njaa, kichwa kuuma na mawazo kutawanyika. Mambo hayo hufika kilele siku ya pili au ya tatu na kwa wengi yanapoa ndani ya wiki mbili hadi nne. Lakini swali lako lina busara ndani yake, maana kichwa kinachouma na usingizi mbaya ndizo dalili za mwanzo za ugonjwa wa mlima. Ukianza kuacha ukiwa kambi ya Shira, siku ya tatu utakuwa karibu na Barafu na hutajua kichwa kinauma kwa lipi. Kwa hiyo usianzie mlimani. Anzia nyumbani, walau wiki mbili au tatu kabla ya safari. Kama unaweza, tumia Aprili, mvua zinaponyesha na mageti yamepoa. Na mtu akizimia kule juu, mvutaji au la, msimtafutie sigara, mshusheni.

Kupunguza kidogokidogo au kukata siku moja? Watafiti wa Oxford waliwagawa wavutaji karibu 700 katika makundi mawili, wakatoa matokeo mwaka 2016: baada ya wiki nne, waliokata siku moja walikuwa bado hawavuti kwa asilimia 49, na waliopunguza kwanza asilimia 39. Wote walisaidiwa kwa nikotini ya dawa na ushauri. Kwa hiyo mimi hupendelea kuweka tarehe na kukata. Kama roho yako inakataa, punguza, ila weka siku ya mwisho kwenye kalenda, siyo “nitaona”.

Dawa zipo, ingawa usitegemee kuzikuta kila duka la dawa mjini. Kuna plasta ya nikotini ya kubandika, kuna jojo za nikotini, na ukizitumia pamoja zinafanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Watu huniuliza: si ni nikotini ileile? Ni ileile, ila haina lami wala kaboni monoksidi, na inaingia polepole bila kile kishindo cha sekunde 10. Daktari Michael Russell wa London alishasema miaka ya 1970 kwamba watu huvutia nikotini lakini wanaouawa huuawa na lami. Swali la kuchagua nguvu ya jojo ni moja: sigara ya kwanza unaivuta muda gani baada ya kuamka? Ikiwa ni ndani ya nusu saa, unahitaji ya miligramu 4. Ikiwa baadaye, 2 zinatosha.

Wengi huitafuna kama jojo ya kawaida, wakapata kwikwi na kuitupa. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi, itulie. Ukali ukiisha, tafuna tena. Na usiitafune huku unakunywa soda au kahawa. Nikotini hupenya kwenye ngozi ya mdomo pale tu mate yasipokuwa na uchachu. Wazee wetu wanalijua hili bila maabara: ndiyo sababu ugoro huchanganywa na magadi. (Nimetaja ugoro kama mfano wa kemia. Kuhamia ugoro si kuacha, na saratani ya mdomo ipo.)

Kuna vidonge pia. Vareniklini inakaa kwenye kiti cha nikotini kwenye ubongo, inatuliza hamu na wakati huohuo inaifanya sigara ipoteze utamu. Huleta kichefuchefu na ndoto za ajabu, kwa hiyo ningependa wiki zako za kwanza za dawa hiyo ziwe hapa mjini. Bupropioni ni ya pili, isipewe mtu mwenye historia ya kifafa. Zote mbili ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021, na zote zinaandikwa na daktari baada ya kukuuliza mambo mengine. Plasta na jojo pia, kwako wewe, zisubiri tuone kifua na moyo vinasema nini.

Lakini dawa inatibu nikotini, haitibu mazoea. Mkono wako una ratiba: chai ya asubuhi Horombo, dakika tano baada ya wageni kuingia kwenye hema la chakula, siku ya kugawana bahshishi, bia ya kwanza ukishashuka. Ubongo umeshafunga ndoa kati ya mambo hayo na moshi. Hamu yenyewe hudumu dakika chache, kisha inapita hata usipovuta. Mwambie msaidizi wako asikugawie fegi hata ukimwomba kwa jina la mama yako. Kiberiti cha gesi abebe mpishi. Na kwenye kibanda wanakokuuzia moja moja, badili njia kwa mwezi mmoja, maana sigara moja haigharimu kitu cha kukufanya ufikiri mara mbili.

Umeuliza kama kuna nafuu. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa miaka 50 kuanzia 1951 walionyesha kwamba anayevuta maisha yake yote hupoteza karibu miaka 10, na anayeacha akiwa na miaka 40 huokoa karibu 9 kati ya hiyo. Wewe una 37.

Makohozi yapime wiki hii. Kisha njoo kliniki ya kifua na majibu yake, na ikiwezekana njoo na mama mtarajiwa. Usivute asubuhi hiyo. Kwenye mfuko wa karatasi niletee vipisi vitano vya siku iliyotangulia, usivisafishe, tuvitazame pamoja dirishani.